Udhaifu wa Wahusika Binadamu katika Filamu za Madubwana

Filamu za madubwana, yaani filamu ambazo kiini chake ni kiumbe mkubwa kupita kiasi anayevamia makazi ya watu, zimelaumiwa kwa kosa moja kwa muda mrefu: kwamba humwonyesha kiumbe kwa ufundi wa kustaajabisha na kumwacha binadamu akiwa kama kivuli kinachokimbia huku na huko, bila nia, bila historia na bila uamuzi wowote unaobadilisha mambo. Lawama hiyo ni ya kweli kwa filamu nyingi, ila utetezi unaotolewa kwa kawaida hautoshi. Husemwa kwamba mtazamaji amelipa kiingilio ili aone dubwana, hivyo watu si hoja. Uchambuzi huu unashikilia kwamba ukubwa wa kiumbe haumlazimishi mtunzi kuwapuuza watu, na kwamba udhaifu huo hutokana na uchaguzi wa watunzi kuhusu nani anastahili kutazamwa kwa karibu. Uchaguzi huo huonekana waziwazi zaidi pale hadithi inapowekwa katika nchi za Maziwa Makuu, jirani kabisa na wilaya za Ngara na Biharamulo mkoani Kagera.

Zipo sababu za kiufundi zinazopaswa kukubaliwa kwanza. Kamera inayotaka kuonyesha kimo cha kiumbe mrefu kuliko ghorofa sharti irudi nyuma sana au ipande juu sana, na ikishafika huko haioni tena jicho wala mdomo wa mtu aliyesimama barabarani. Godzilla wa mwaka 1954 alikusudiwa kuwa na kimo cha mita 50, na yule wa filamu ya Marekani ya mwaka 2014 alikuzwa hadi kupita mita 100, kwa hiyo kila kizazi cha watengenezaji kimejikuta kikisogea mbali zaidi na uso wa binadamu ili dubwana lao lienee kwenye kioo. Gharama nazo huvuta upande huohuo. Matukio ya madoido, yaani picha zinazotengenezwa kwa vinyago, kwa mavazi ya dubwana au kwa kompyuta, ndiyo yanayomeza fedha nyingi na ndiyo yanayopangwa mapema, na mazungumzo ya watu hujazwa katika nafasi zinazobaki. Isitoshe, filamu ya aina hii hutengenezwa ili iuzwe katika nchi nyingi zenye lugha mbalimbali, na kishindo cha ghorofa linaloporomoka hakihitaji mkalimani, ilhali maneno ya mume na mke wanaogombana yanamhitaji.

Hata hivyo sababu hizo hazikumzuia Ishirō Honda, mwongozaji wa Godzilla ya kwanza, iliyoanza kuonyeshwa Japani tarehe 3 Novemba 1954. Mnamo tarehe 1 Machi mwaka huohuo Marekani ilikuwa imelipua bomu la haidrojeni katika kisiwa cha Bikini, na majivu yake yenye mionzi yakawaangukia wavuvi 23 wa meli ya Kijapani iliyoitwa Daigo Fukuryū Maru. Mmoja wao, mwendesha redio wa meli, alifariki mwezi Septemba, wiki chache tu kabla ya filamu kutoka. Watazamaji waliingia ukumbini wakiwa na msiba huo vichwani mwao, na Honda hakuukwepa. Baada ya usiku wa dubwana kuichoma Tokyo, kamera yake hushuka hadi hospitalini, ambako majeruhi wamelazwa sakafuni na kipimo cha mionzi kinalia kikielekezwa kwa mtoto mdogo. Kabla ya hapo imekwisha kusimama mbele ya mama aliyewakumbatia wanawe kando ya barabara, akiwaambia kwamba watamfuata baba yao. Mambo haya huchukua muda mfupi sana, lakini hutosha kuufanya moto wote ulioonyeshwa kwa mbali uwe umemuunguza mtu fulani. Kisha kuna Dakta Serizawa, mwanasayansi mwenye silaha pekee inayoweza kuliangamiza dubwana, anayeogopa kwamba wakubwa wa dunia wakishaijua wataitumia dhidi ya binadamu wenzao. Uamuzi wake wa kuchoma maandishi yake yote na kufa pamoja na siri hiyo chini ya bahari ndio unaoimaliza hadithi, na ukiondolewa hadithi haiishi.

Kipimo hicho, yaani kuuliza kama hadithi ingekwenda vilevile mtu fulani asingekuwapo, ndicho kinachoziumbua filamu nyingi zilizofuata. Katika Godzilla ya mwaka 2014, iliyoongozwa na Gareth Edwards, mhandisi aliyempoteza mkewe katika ajali ya kinu cha nyuklia hujenga sehemu ya kwanza ya filamu kwa uchungu unaoaminika, kisha hufa mapema, na usukani hukabidhiwa mwanawe askari, ambaye kwa sehemu kubwa huhamishwa kutoka mji hadi mji ili awepo tu mahali madubwana yanapopigana. Filamu zilizofuata katika mfululizo huo, zile za mwaka 2019, 2021 na 2024, zimezidisha idadi ya madubwana na ufundi wa mapigano, na wanasayansi wake hufanya kazi ya kumweleza mtazamaji kile ambacho tayari anakiona. Halafu mwaka 2023 Takashi Yamazaki akatoa Godzilla Minus One nchini Japani, kwa gharama aliyoitaja mwenyewe kuwa chini ya dola milioni 15 za Marekani, akamweka katikati rubani wa kujitoa mhanga aliyesingizia ubovu wa ndege ili asife, na ambaye baada ya vita anaishi na aibu hiyo katika mtaa wa mabanda pamoja na mwanamke na mtoto mchanga wasio ndugu zake wa damu. Filamu hiyo ilipata tuzo ya Oscar ya madoido mwaka 2024, tuzo ya kwanza ya aina hiyo kwa Godzilla tangu azaliwe. Madoido yale yalimtikisa mtazamaji kwa sababu kila wimbi na kila kishindo kilikuwa kinamkaribia mtu ambaye hofu yake ilikwisha kujulikana. Bong Joon-ho wa Korea Kusini alikuwa amefanya jambo la namna hiyo mwaka 2006 katika The Host, ambamo familia yenye kibanda cha vitafunio kando ya Mto Han inamtafuta binti yao aliyechukuliwa na kiumbe aliyezalishwa na kemikali zilizomwagwa mtoni.

Hapa inafaa kuweka sawa istilahi moja. Wahakiki wa fasihi ya Kiswahili huwagawa wahusika katika wahusika bapa, ambao wana sifa moja isiyobadilika tangu mwanzo hadi mwisho, na wahusika duara, ambao hukua, hujikanganya na huweza kumshangaza msomaji. Mgawanyo huu uliasisiwa na Mwingereza E. M. Forster mwaka 1927. Ni kosa kudhani kwamba mhusika bapa ni kasoro siku zote. Shin Godzilla ya mwaka 2016 imejaa maofisa wa serikali ambao karibu wote ni bapa, wanaotoka kikao hiki na kuingia kile huku mji ukiungua, lakini ndani yake serikali yenyewe ndiyo mhusika duara, kwa kuwa inaanza ikiwa imefungwa na taratibu zake na polepole inajifunza kutenda. Katika King Kong ya mwaka 1933 sokwe mwenyewe ndiye aliye duara: anatamani, anaghadhibika, anadanganyika, anakufa, na mafundi waliomsogeza kinyago chake hatua ndogo baada ya hatua ndogo walimpa huzuni ambayo waigizaji wengi wa filamu hiyo hawakupewa. Filamu hiyohiyo ndiyo iliyowafanya wenyeji wa kisiwa, walioigizwa kwa kiasi kikubwa na Wamarekani weusi, kuwa kundi la watu wa kupiga ngoma na kutoa kafara. Kwa hiyo tangu mwaka 1933 ubapa umekuwa na ramani yake, na wenyeji wa mahali dubwana linapoishi ndio wanaopewa mafungu madogo kuliko wote.

Mfano ulio karibu zaidi na Ngara ni Gustave. Huyu ni mamba halisi wa mto Naili kwa jamii yake, anayesemekana kuwa na urefu wa takriban mita 6, aliyekuwa akionekana katika Mto Ruzizi na ufuoni mwa kaskazini mwa Ziwa Tanganyika, upande wa magharibi wa Burundi. Jina hilo alipewa na Patrice Faye, Mfaransa aliyeishi Burundi na kumfuatilia mamba huyo kwa miaka mingi, ambaye jaribio lake la kumnasa kwa tundu kubwa la chuma lilishindikana na kuonyeshwa katika filamu ya hali halisi iliyotoka mwaka 2004. Idadi ya watu 300 hutajwa mara kwa mara kuwa ndio walioliwa naye, ingawa haijathibitishwa. Lililo wazi ni kwamba visa vyake vilienea wakati Burundi ikiwa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyoanza mwaka 1993, vita vilevile vilivyowavusha Warundi wengi mpaka hadi Ngara.

Mwaka 2007 kampuni ya Hollywood Pictures, iliyokuwa chini ya Disney, ilitoa filamu iitwayo Primeval, iliyoongozwa na Michael Katleman, iliyojengwa juu ya kisa cha Gustave na kupigwa picha Afrika Kusini. Matangazo yake yalizungumzia muuaji aliyewamaliza watu wengi kuliko wote, na yakaficha kwamba muuaji huyo ni mamba. Katika filamu yenyewe, timu ya waandishi wa habari wa televisheni ya Marekani inatumwa Burundi ili kumnasa mamba akiwa hai, na huko inakutana pia na mbabe wa vita anayejiita Gustave Mdogo. Wazo la kuweka mamba na mbabe wa vita ndani ya hadithi moja lilikuwa na uzito mkubwa, kwa kuwa lingeweza kuuliza ni yupi kati ya hao wawili aliye dubwana, na kwa nini dunia ilituma kamera kwa ajili ya mnyama wakati watu wakiuana. Filamu inaligusa swali hilo kwa maneno machache, kisha inalitupa. Waandishi hao wanabaki bapa, kila mmoja na sifa yake moja, lakini Warundi hawafikii hata hapo. Wapo ili waliwe, ili wapige risasi, au, kama yule kijana anayewasaidia wageni, ili watamani kwenda Marekani. Hakuna familia ya Kirundi inayokaa kujadiliana kama waendelee kuteka maji palepale au watembee mbali zaidi, ilhali hilo ndilo swali ambalo mamba huliweka mbele ya kila kaya iliyo mtoni, na mtu anayeishi karibu na Ruvubu au Kagera, mito yenye mamba na viboko inayokutana jirani na maporomoko ya Rusumo, hana haja ya kuelezwa ugumu wake. Mvuvi anayejua hatari na bado anaingia majini kwa sababu nyumbani hakuna chakula ni mhusika duara tayari, kabla hata mtunzi hajaongeza neno. Filamu iliyogharimu mamilioni ya dola ilimpita mtu huyo ikaenda kumfuata mtangazaji wa televisheni.

Kosa hilo lilikwisha kufanywa kabla, upande wa Kenya. Simba wawili wa Tsavo waliowashambulia wajenzi wa reli ya Uganda mwaka 1898 wametengenezewa filamu zaidi ya moja, zikiwamo Bwana Devil ya mwaka 1952 na The Ghost and the Darkness ya mwaka 1996. Hii ya pili ilimbuni mwindaji wa Kimarekani ambaye hakuwapo katika historia ili aandamane na mhandisi Mwingereza, J. H. Patterson. Waliolala katika mahema yale usiku baada ya usiku walikuwa vibarua Wahindi na Waafrika, na wao ndio walioliwa, wakagoma na kukimbia. Mgomo wa wafanyakazi wanaokataa kujenga daraja huku wakiliwa ni kisa kizima chenye viongozi, wasaliti na mabishano, na hakuna mwongozaji aliyekikosa kwa sababu simba walijaza kioo.

Jambo jingine linalowahusu watu wa Ngara kwa namna ya pekee ni umati unaokimbia. Karibu kila filamu ya madubwana ina tukio la maelfu ya watu wakifurika barabarani au darajani, likipigwa picha kutoka juu, na kazi yake ni kuonyesha ukubwa wa hatari. Mwishoni mwa Aprili 1994, wakati mauaji ya kimbari yakiendelea Rwanda, takriban watu 250,000 walivuka daraja la Rusumo na kuingia Ngara ndani ya saa 24, na eneo la Benaco wilayani humo likageuka kuwa mji wa vibanda vya turubai. Dunia iliuona umati huo kwa picha za mbali zinazofanana sana na zile za filamu. Wenyeji waliuona kwa karibu, na kwa karibu umati hauwi kitu kimoja: mlikuwamo akina mama waliokuwa wamebeba watoto wasio wao, wazee waliobebwa mgongoni, waliokuwa wakikimbia mapigano, na pia waliokuwa wametoka kuua jirani zao na sasa wakipanga foleni ya unga pamoja na wengine. Mwaka 1995 Shirika la Wajesuiti la Kuhudumia Wakimbizi lilianzisha Radio Kwizera huko Ngara, na katika redio umati hauwezi kuonekana kamwe. Anayesikika ni mtu mmoja akisema. Mtazamaji aliyekulia katika wilaya hiyo ana haki ya kutoridhika na filamu inayoutumia umati kama pambo la nyuma ya dubwana, kwa kuwa katika kila mkimbizi anayeonekana kwa mbali anafahamu kwamba kuna uamuzi uliofanywa usiku: nani abebwe, nani aachwe, mlango ufungwe au uachwe wazi.

Masimulizi ya Kiafrika yaliyatunga madubwana zamani kabla ya sinema, na hayakuwa na tatizo hili. Edward Steere, askofu wa Kianglikana aliyekusanya ngano za Zanzibar na kuzichapisha London mwaka 1870, aliihifadhi ngano ya Sultani Majnuni na nunda mla watu. Nunda huyo anaanza akiwa paka wa nyumbani. Anapokula ndama, watu wanamshtaki kwa Sultani, na Sultani anakataa kumuua kwa hoja kwamba paka ni wake na ndama ni wake. Anazidi kukua na kula wanyama wakubwa zaidi, kisha watu, na Sultani haoni neno mpaka wanawe mwenyewe wanapouawa. Hapo ndipo mwanawe mdogo, aliyedharauliwa, anapokwenda kumsaka, akirudi mara kwa mara na mnyama asiyemjua, na mama yake akimweleza kila mara kwamba huyo siye. Ngano hiyo ni fupi, na simulizi la kufa kwa nunda lina maneno machache, lakini ubishi wa baba mwenye mamlaka, hofu ya mama na ukaidi wa mtoto vimejengwa kwa ustadi ambao filamu nyingi za saa mbili hazina. Dubwana limelelewa na kosa la mtu, na ukubwa wake ni ukubwa wa kosa hilo. Basotho nao wanasimulia habari za Kholumolumo, aliyemeza watu na mifugo yote akamwacha mwanamke mmoja mjamzito, ambaye mwanawe alikuja kumpasua tumbo na kuwatoa watu wakiwa hai. Ajabu ya simulizi hilo ni kwamba haliishii kwenye ushindi: watu waliookolewa wanaanza kumwonea wivu mwokozi wao, na mwishowe wanamuua. Watunzi wake walijua kwamba kisa kigumu kuliko vyote huanza dubwana likishakufa, mahali ambapo filamu za leo huteremsha majina ya waigizaji na kuwasha taa.

Urithi huo wa usimulizi haujapotea, na umeingia katika filamu za kigeni kwa mlango usiotarajiwa. Katika mabanda ya video ya Tanzania, ambayo vijana huyaita vibanda umiza kwa sababu ya viti vyake vya mbao na msongamano, filamu nyingi hutazamwa zikiwa zimetafsiriwa na msimulizi anayezungumza juu ya sauti ya awali. Kapteni Derek Gaspar Mukandala, maarufu kwa jina la Lufufu, alikuwa miongoni mwa waliojulikana sana kwa kazi hiyo jijini Dar es Salaam. DJ Afro ameifanya kwa umaarufu mkubwa nchini Kenya, na Uganda ina wasimulizi wake wanaotumia Kiganda. Wahakiki huichukulia kazi hii kama tafsiri mbovu, na hukumu hiyo si ya haki, kwa kuwa msimulizi hakusudii kufuata maneno. Humpa mhusika jina ambalo hadhira italikumbuka, humweleza tabia yake, hutabiri usaliti wake, humsuta stelingi, yaani shujaa wa filamu, anapofanya jambo la kipuuzi, na humwonea huruma mtu anayeonekana kwa nukta chache kabla ya kukanyagwa. Kwa filamu yenye wahusika duara kazi hiyo inaweza kuwa uharibifu, maana hufunika maneno yaliyopimwa na ukimya uliokusudiwa. Kwa filamu ya dubwana yenye wahusika bapa mara nyingi ni nyongeza ya kweli: askari aliyekuwa akihamishwa tu kutoka mji hadi mji hupata mama anayemsubiri, deni, au woga anaouficha, na watazamaji humfuata kwa sababu sasa wana la kumfuatia.

Ufundi huo nao una mpaka, na mpaka wake unarudisha lawama kwa waliotengeneza filamu. Msimulizi anaweza kumwekea maneno kila anayeonekana, lakini hawezi kumrefushia muda wa kuonekana, wala kumwonyesha mtu ambaye kamera ilimkataa tangu siku ya kupiga picha. Akiwekewa Primeval, atawaongezea waandishi wa Marekani akili na majuto wasiyokuwa nayo, kwa kuwa ndio walio mbele ya kioo kwa muda mrefu, na huenda akampa jina mwanakijiji anayepita mara moja. Kikao cha familia ya Ruzizi kuhusu mahali pa kuteka maji hataweza kukisimulia, maana atakuwa anazungumza juu ya picha za watu wengine, na kabla hajamaliza sentensi ya pili mamba atakuwa amekwisha kuibuka na hadhira nzima itakuwa inapiga kelele.